Behewa Lililoachwa Kima

Usiku mmoja wa Juni 1900, behewa la ukaguzi la polisi wa reli lilifunguliwa kutoka kwenye treni iliyokuwa ikitoka Makindu kwenda Nairobi, likasukumwa hadi reli ya pembeni ya kituo cha Kima, likaachwa hapo. Treni ikaendelea na safari. Ndani ya behewa walibaki Wazungu watatu: Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa Reli ya Uganda, na wageni wake wawili, Huebner na Parenti. Nyuma yao, katika chumba cha watumishi kilichotenganishwa na chao kwa mlango wa kusukuma, walikuwamo watu wengine. Hao hawakuandikwa majina.

Behewa liliachwa pale kwa makusudi. Kima ilikuwa na simba mla watu. Alikuwa amekizingira kituo kiasi kwamba usiku mmoja alipanda juu ya paa na kujaribu kuyabandua mabati, huku karani wa telegrafu akiwa chini yake anagonga ujumbe wa kuomba msaada. Dereva mmoja wa treni alijificha ndani ya tangi la maji lililokuwa tupu, akiwa na bunduki, akitumaini kumvizia. Simba akalipindua tangi na kuingiza mkono kwenye tundu lake, akimpapasa dereva aliyekuwa amejikunyata upande wa pili. Mlio wa bunduki ndio uliomfukuza. Ryall aliposikia kwamba mnyama huyo ameonekana karibu na kituo muda mfupi kabla treni haijafika, aliamua kulala palepale ili amuue.

Kisa hiki kinajulikana zaidi kupitia kitabu cha John Henry Patterson cha mwaka 1907, kile kinachosimulia habari za simba wa Tsavo. Patterson hakuwapo Kima usiku ule, lakini aliifahamu reli na watu wake, na masimulizi yake ndiyo yaliyorudiwa na wengi waliokuja baadaye. Kwa kawaida kisa husomwa kama habari ya simba. Mimi nataka tukisome kama habari ya behewa: chombo cha usafiri kilichoachwa kimesimama katika nchi ya wanyama wakali. Tukifanya hivyo tutajikuta tumefika Mwanza, na hilo halipaswi kutushangaza, kwa sababu reli ile ilijengwa ili ifike kwenye ziwa letu.

Tuanze na lile behewa lenyewe. Reli ya pembeni ya Kima ilikuwa haijakamilika. Njia haikuwa sawa, na behewa liliinama upande mmoja. Mlango wa nyuma ulikuwa wa kusukuma, ukiteleza juu ya vyuma vya shaba nyeupe kwa wepesi mno, na yaelekea haukufungwa sawasawa. Baada ya chakula cha jioni wanaume wale walikaa wakichungulia gizani. Hawakuona kitu isipokuwa nuru mbili ndogo, zilizotulia, wakadhani ni vimetameta. Patterson anaamini kwamba yalikuwa macho ya simba, na kwamba wakati wao wanamvizia, yeye alikuwa anawavizia wao.

Ryall aliwaambia wenzake walale, yeye angeshika zamu ya kwanza. Huebner akapanda kitanda cha juu. Parenti akajilaza sakafuni, miguu yake ikielekea mlangoni. Baada ya muda Ryall naye, pengine kwa kuona kwamba simba hatakuja, aliweka bunduki kando, akajinyoosha kwenye kitanda cha chini, usingizi ukamchukua.

Simba alipanda jukwaa dogo la nyuma, akausukuma mlango, ukateleza, akaingia. Hapo ndipo mwinamo ule ulipofanya kazi yake. Uzito wa mnyama uliliinamisha behewa zaidi, mlango ukarudi kwa kuteleza, ukajifunga. Simba akawa amefungiwa ndani na watu watatu waliolala. Alisimama juu ya Parenti ili amfikie Ryall. Huebner aliamshwa na ukelele, akaona kwamba njia pekee ni ule mlango wa pili, wa chumba cha watumishi, na kwamba ili aufikie ni lazima aruke juu ya mgongo wa simba. Akaruka. Aliufikia mlango akaukuta umeshikiliwa kwa nguvu kutoka upande wa pili. Akavuta mpaka ukaachia nafasi, akajipenyeza, na mlango ukafungwa tena, safari hii kwa vilemba. Kisha kikasikika kishindo, behewa likayumba: simba alikuwa amepita dirishani, Ryall akiwa kinywani mwake. Parenti alirukia dirisha la upande mwingine, akakimbilia jengo la kituo. Asubuhi mabaki ya Ryall yalipatikana umbali wa takriban robo maili, yakapelekwa Nairobi kuzikwa. Simba alinaswa baadaye kwenye mtego, akawekwa siku kadhaa watu wamtazame, kisha akapigwa risasi.

Treni inayotembea haina haja ya kumwogopa simba. Ina kelele, moshi, uzito na mwendo. Watu waliokuwa ndani ya behewa la Ryall walikuwa wamevuka Tsavo salama kabisa. Kilichobadilika Kima ni kwamba behewa lilisimama. Chombo cha usafiri kikisimama porini hugeuka nyumba, tena nyumba isiyo na ua, isiyo na mbwa, wala jirani wa kumwita. Mlango uliotengenezwa ili afisa aingie na kutoka kwa urahisi unakuwa mlango wa kila mtu. Dirisha la kutazamia mandhari linakuwa njia ya kutokea. Bado waliomo ndani wanaendelea kujiona salama kwa sababu walikuwa salama saa moja iliyopita, wakati magurudumu yanazunguka.

Wamarekani nao wanalijua jambo hili kwa namna yao. Katika hifadhi ya Yosemite, California, mwaka 1998 pekee dubu walivunja magari zaidi ya 1,000 ambayo watu waliyaacha wakaenda kutembea au kulala. Dubu alikuwa anatafuta chakula kilichosahauliwa kwenye kiti. Jawabu lilikuwa masanduku ya chuma katika maegesho na mwanzoni mwa njia za miguu, na kanuni kali kwamba usiache kitu chenye harufu ndani ya gari. Ni busara ileile: gari lililosimama si kabati, wala si ngome. Tofauti ni kwamba kule hasara kubwa ilikuwa kioo na mlango, na mwenye gari alirudi akiwa hai kuja kulalamika. Katika historia ya kwetu, swali zito zaidi limekuwa nani amepewa gari, na nani ameachwa nje.

Miaka miwili kabla ya Kima, reli ilipokuwa inavuka mto Tsavo, simba wawili waliwasumbua wajenzi kwa miezi mingi ya mwaka 1898. Wafanyakazi wengi walikuwa vibarua walioletwa kutoka India. Kwa jumla reli iliajiri Wahindi wapatao 32,000, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini, wengi kwa maradhi na ajali. Walilala kwenye mahema ya turubai, ndani ya maboma ya miiba ambayo simba walijifunza kuyapenya. Walijaribu kila kitu. Walifunga vitanda juu ya miti, juu ya matangi ya maji, juu ya mapaa. Wengine walichimba mashimo ndani ya mahema yao, wakaingia humo usiku na kujifunika magogo. Usiku mmoja watu walijazana juu ya mti mmoja mpaka mti ukaanguka.

Patterson, mhandisi wao, alikuwa na uwezo mwingine. Usiku mmoja yeye na daktari Brock walikaa ndani ya behewa la mizigo lililoegeshwa karibu na boma lililohamwa, nusu ya chini ya mlango ikiwa imefungwa na nusu ya juu iko wazi. Simba aliwarukia. Bunduki mbili zikalia kwa pamoja, mnyama akageukia pembeni. Kilichowaokoa ni ile nusu ya mlango na mwanga wa baruti. Baadaye Patterson alitengeneza mtego wa magogo na vyuma wenye vyumba viwili: simba aingie cha mbele, na katika cha nyuma wakae askari kama chambo, wakilindwa na vyuma. Mtego ulifanya kazi. Simba aliingia, mlango ukaanguka nyuma yake. Askari, kwa hofu, wakapiga risasi kila upande mpaka mojawapo ikakata chuma cha mlango, na simba akatoka.

Tarehe 1 Desemba 1898 vibarua walichoka. Walimweleza mhandisi kwamba mkataba wao ulikuwa wa kuifanyia serikali kazi, haukuwa wa kuwalisha simba. Treni ya mizigo ilipokaribia, mamia yao walijilaza juu ya reli mbele yake. Dereva akalazimika kusimama. Wakarusha vitu vyao ndani ya mabehewa, wakapanda, wakaondoka Tsavo. Kazi ilisimama kwa wiki tatu, na waliobaki walishughulika kujenga vibanda visivyopenyeka na simba.

Naona tukio hili lina maana kubwa kuliko kuuawa kwa simba wenyewe, kulikofuata tarehe 9 na 29 ya mwezi uleule. Watu waliokuwa wanaijenga reli hawakuwa na nafasi ndani ya vyombo vyake. Ili kuipata, walilazimika kuweka miili yao mbele ya magurudumu.

Hao walikuwa angalau wamehesabiwa. Patterson anataja Wahindi 28 waliouawa, kisha anaongeza kwamba kulikuwa na Waafrika wengi ambao hakuna kumbukumbu rasmi iliyowekwa. Sentensi hiyo ni fupi, inapita haraka, na msomaji anayefuata mbio za simba anaweza asiione. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa kemikali za mifupa na manyoya ya wale simba wawili, ambao mabaki yao yako katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Kwa kupima alama ambazo chakula huacha mwilini, walikadiria kwamba simba wale walikula watu wapatao 35. Wakubwa wa reli hawakuwaandika Waafrika waliokufa. Ikabidi, baada ya zaidi ya miaka 100, tuwatafute ndani ya mifupa ya wanyama waliowala.

Sasa turudi kwenye ule mlango uliofungwa kwa vilemba. Wasimuliaji wengi wameutumia kama kichekesho kidogo katikati ya hofu: watumishi wanatetemeka, wanamshikilia mlango bwana wao. Lakini fikiria walichokuwa wanakifahamu. Hawakuwa na bunduki. Hawakuulizwa kama behewa liachwe pale. Hawakuchagua reli iliyoinama, hawakuacha mlango wa nyuma wazi, hawakulala zamu. Kati yao na simba kulikuwa na mlango mmoja wa kuteleza, aina ileile iliyokwisha kushindwa upande wa pili. Wakafanya jambo pekee ambalo usiku ule lilikuwa sahihi: walihakikisha mlango haufunguki ovyo. Walipomaliza kumwingiza Huebner, waliufunga tena kwa kitu walichokuwa nacho, nguo za vichwani mwao. Katika behewa zima, ni wao tu waliokuwa wamepata komeo.

Watu husema Kima iliitwa Kima kwa sababu ya kifo cha Ryall, kwa kuwa kima kwa Kiswahili ni nyama ya kusaga. Ni utani wa reli, na kama utani ni mzuri. Patterson anakiandika kituo kwa jina la Kimaa, kama jina la mahali tu, bila kulihusisha na mkasa. Hata hivyo utani huo unaonyesha jinsi kumbukumbu inavyotembea. Afisa mmoja akifa ndani ya behewa, kituo kizima kinatafutiwa maana kutokana na kifo chake, na behewa lake linahifadhiwa: leo liko katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Waliokufa nje ya mabehewa hawakuacha hata utani.

Mwezi uleule wa Juni 1900, upande wa pili wa safari ya reli, meli iitwayo William Mackinnon iliingizwa majini katika Ziwa Victoria. Ilikuwa imeletwa kwa vipande kabla reli haijafika, na vipande vingi vilibebwa na wapagazi kutoka mahali reli ilipokomea, wakipita katika nchi hiyohiyo ya simba, kwa miguu. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Zikafuata meli kubwa zaidi, Winifred mwaka 1902 na Sybil mwaka 1903.

Mwanza ilikuwa upande wa Wajerumani. Walikuwa wameianzisha kama kituo cha utawala mwaka 1892, lakini hawakuwa na reli ya kuifikia. Kwa hiyo pamba, ngozi na karanga za Usukuma zilipakiwa melini, zikavuka ziwa hadi Kisumu, zikapanda reli ya Waingereza hadi Mombasa. Hali haikubadilika mpaka reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928. Kwa zaidi ya robo karne, mizigo ya mji wetu ilipita mbele ya kituo cha Kima. Mizigo ilikuwa na mabehewa. Mkulima aliyebeba pamba yake kichwani hadi sokoni alitembea.

Toka Mwanza leo kwa barabara ya Musoma, na baada ya kama kilomita 140 utafika lango la Ndabaka, mahali ambapo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inakaribia kabisa Ziwa Victoria. Mgeni anayeingia hapo hupewa kanuni ambayo Ryall angeielewa: usishuke kwenye gari isipokuwa mahali palipotengwa. Hupewa na nyingine ndogondogo. Funga vioo ukiegesha, kwa sababu nyani na tumbili wa getini wanajua mfuko wa mkate una sauti gani. Usiache chakula. Ni kanuni nzuri, na zimeokoa watu wengi.

Lakini kanuni ya kutoshuka ina historia yake. Serengeti ilipokuwa inapata mipaka yake kama hifadhi ya taifa katika miaka ya 1950, swali lililosumbua utawala wa Kiingereza halikuwa magari. Lilikuwa watu wa miguu. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Upande wa magharibi, upande wetu, Waikoma, Wanata, Waikizu na Wasukuma walipoteza mawindo, malisho na njia walizozipita. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa magharibi ya Serengeti, alionyesha kwamba nchi hiyo ilikumbukwa na wenyeji kama mahali pa mahame, pa matambiko, pa visima na njia. Ukiwa ndani ya gari, kanuni inakulinda na simba. Kwa watu wale, kutembea ndiko kulikokuwa kuishi, na kanuni hiyohiyo iliwaambia kwamba nchi si yao tena. Mtu wa miguu akatolewa, mtu wa gari akakaribishwa.

Kisha tuangalie nani hasa anauawa. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwamo watafiti Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha hesabu ya mashambulizi ya simba Tanzania tangu 1990. Walihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na zaidi ya 308 waliojeruhiwa. Sehemu kubwa ilitokea kusini mashariki mwa nchi, mbali na hifadhi maarufu, na mojawapo ya mambo yaliyohusiana na mashambulizi ilikuwa nguruwe mwitu. Nguruwe huingia mashambani wakati wa mavuno. Simba huwafuata nguruwe. Na mkulima, ili asipoteze mazao ya mwaka mzima, hulala shambani kwenye dungu la miti na nyasi. Dungu ni behewa la Kima lisilo na magurudumu: kibanda kilichosimama gizani, mlango wake hafifu, mtu wake amechoka. Tofauti ni kwamba mkulima hakwenda pale kuwinda. Alikwenda kulinda mahindi.

Kwenye fukwe za Mwanza mnyama wa kuogopwa ni mamba, na kiboko. Hapa suala la chombo linajitokeza kwa namna nyingine. Aliye na pampu au bomba la maji hana haja ya kusimama ziwani. Asiye nalo husimama majini hadi magotini, ndoo mkononi, alfajiri na jioni, na mara nyingi ni mwanamke au mtoto. Katika halmashauri ya Buchosa, wilayani Sengerema, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori imejenga vizimba vya chuma ndani ya maji. Watu huingia kizimbani, huchota maji, huoga, hufua, na mamba anabaki nje. Ukikitazama kizimba hicho bila kujua historia utadhani mambo yamegeuzwa kichwa chini: mnyama yuko huru, mtu yuko kwenye tundu. Ukiijua historia utaona kwamba ni wazo lilelile la Patterson, chumba cha nyuma cha mtego, isipokuwa sasa anayekaa ndani hakuwekwa kama chambo. Alikiomba kizimba, na kinamsaidia.

Sisemi kwamba kizimba kinatosha. Kijiji kimoja kikipata kizimba, cha jirani hakina; na kizimba ni jawabu la pili baada ya lile la kwanza, ambalo ni maji ya bomba. Lakini kati ya vyombo vyote nilivyovitaja katika makala haya, behewa, tangi, mtego, gari la watalii, ndicho cha kwanza kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu wa miguu mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi limebadilika, na kwa mwanafunzi wa historia ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kanuni za mwaka 2011 chini ya sheria ya wanyamapori ziliweka malipo kwa wanaodhuriwa na wanyama wakali: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa watu. Kifo kilipangiwa shilingi 1,000,000. Fedha hiyo ilikuwa ndogo, na hakuna familia iliyoichukua ikaona imelipwa mtu wake. Jina lenyewe la malipo linakiri hivyo. Ila ili zilipwe, ni lazima tukio liripotiwe kijijini, afisa wanyamapori wa wilaya alithibitishe, na fomu ijazwe. Fomu haiwezi kujazwa bila jina la marehemu, kijiji chake, tarehe na mnyama aliyehusika.

Ndiyo kusema kwamba katika makabati ya ofisi za wilaya, kuanzia Sengerema hadi Ukerewe na Magu, kuna orodha ambayo reli ya mwaka 1898 haikuona sababu ya kuiandika. Haijafungwa kwa jalada zuri, wala haina picha ya simba kwenye ukurasa wa kwanza. Imeandikwa kwa kalamu ya wino, labda kwa haraka, ili dai lisichelewe. Atakayetaka kuandika historia ya watu na wanyama wakali wa kandokando ya ziwa hili anaweza kwenda Nairobi kuliona behewa la Ryall, na inafaa aende. Akirudi, aanzie kwenye zile fomu.